Somo la Vihisishi

Chumba cha juu, Mwembe Tayari, feni imekufa.
Bi Swafiya aandika ubaoni:
auchi, ukiumia;
upsi, ukimmwagia mgeni supu;
wao, ukistaajabu.
"Wao kina nani?" auliza Mbwarali.
Twacheka. Yeye hacheki:
Jumatatu tuna usaili, hoteli ya Nyali.

Twarudia kwa pamoja, auchi, auchi,
kama wajaribuo viatu dukani bila nia ya kununua.
"Na aka! yetu, kwa Kizungu ni ipi?"
Apekua kitabu, akifunge.
"Hawana. Husema hapana, ahsante."

Ndipo upepo ukalibamiza dirisha
juu ya kidole chake.
"Mamangu wee! Yarabi! Mamangu!"

Kimya.
Mbwarali, kalamu tayari:
"Hiyo nayo tuiandike?"