Shuka Namba Ishirini na Saba

Shuka hili si langu.
Pembeni lina muhuri wa wino uliofifia,
namba ishirini na saba,
na chini yake, kwa mwandiko wa mtu mwingine: LIRUDISHWE.
Nimelifua mara tatu kwa sabuni ya kipande.
Doa moja limegoma.

Usiku ule mvua iliteremsha Kadutu nzima ziwani:
udongo, mifuko, kiatu kimoja cha mtoto.
Na Zihalirwa, mume wangu, fundi wa mabati,
mtu wa kucheka na misumari mdomoni,
kajikunja sakafuni, ananiambia
ni maharage tu, Nabintu, ni maharage.
Tumbo gumu kama ubao wa kufulia.

Hakuna gari linalofika kwetu.
Vijana wa jirani waling'oa mlango wa choo,
wakamlaza juu yake.
Tukashuka ngazi za matope, watu wanne na mlango mmoja,
mimi nyuma, kikwembe kichwani,
nikihesabu franka ambazo sikuwa nazo.

Hospitali kuu. Niliwahi kuitukana.
Nilisema sokoni, mbele ya mabeseni ya sambaza:
kule unaingia na ugonjwa, unatoka na deni.
Na kila Januari, Balagizi wa mituweli akipita na daftari lake
nilijifanya sipo.
Mwaka huu alinikuta mlangoni.
Nililipa ili aondoke.

Umeme ulikuwa umekatika.
Mlinzi aliamsha jenereta kwa teke na kwa jina la Yesu.
Muuguzi, jina nililisoma kifuani, Cibalonza,
hakuuliza pesa iko wapi.
Aliuliza: ameanza kuumwa lini?
Swali dogo hilo.
Bado nalisikia nikipepeta unga.

Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka tangu mchana.
Wakaleta mfuko wa damu, una namba, hauna jina.
Ya nani? nikauliza.
Ya mtu aliyekuja Jumanne, akasema,
akanywa soda, akaenda zake.
Kisha akanitazama nilivyolowa, akavuta shuka kabatini.
La serikali hili. Lakini ni kavu.

Mimi tangu utoto najua kitu cha serikali:
ni kile kikivunjika hakuna anayelia.
Bomba la mtaa. Taa ya njia panda.
Cha wote, yaani si cha mtu.
Nikajifunika hicho kisicho cha mtu
hadi kulipopambazuka.

Sisemi haya ili kuta zipakwe rangi.
Glavu tulinunua nje, langoni.
Godoro lilikuwa na shimo, na shimo lilikuwa na wenyeji.
Cibalonza hajaona mshahara tangu Pasaka;
alikula mahindi ya kuchemsha amesimama, punje kwa punje,
jicho lake kwenye dripu.
Na mama wa kitanda cha nane amepona zamani, bado yupo,
anangoja kaka yake auze mbuzi.
Yeye hakuwa na kadi.
Sisi sehemu yetu ilikuwa bei ya mabeseni mawili.
Nilipita mbele yake na mume wangu
nikashindwa kumwaga.

Zihalirwa yuko nyumbani, shati wazi,
anaonyesha wageni mshono:
nyuzi saba, tazama, hakuna iliyopinda.
Fundi kamsifu fundi. Hilo kwake ni nadra.

Nami nimepanda leo na shuka kwapani.
Cibalonza hayupo, ni zamu ya mwingine.
Huyu amelipokea bila hata asante,
amelikung'uta mara moja,
akalitandika palepale chini ya msichana anayetetemeka kwa malaria,
doa letu likaangukia kwenye kisigino chake.

Nikasimama kidogo.
Kisha nikafuata korido hadi chumba cha mwisho,
nikakunja mkono wa blauzi.
Umekula? wakauliza. Nimekula.
Leo ni Jumanne.
Soda walinipa ya machungwa.