Mbuzi Ndani ya Kioo

Tulitoka Maskati na chupa mbili za chai ya tangawizi.
Kilomita elfu moja za mchanga usio na neno la kusema,
mama kiti cha mbele, miguu juu ya mkoba wa vitumbua,
analalamika kwamba bahari wameificha.
Baada ya Thumrait barabara ikaingia mawinguni
na kioo cha gari kikalowa.
Akafungua dirisha, akatoa mkono nje
kama mtu anayepokea chenji.

Watu wa Salala huiita kharifu.
Mama akaiita mchoo, mvua ya Julai ya kwao Wete,
na hakuna aliyeweza kumtoa hapo.

Kando ya njia, vibanda vya ndizi, mapapai, madafu.
"Baisa mia tano? Kwetu yalikuwa yakituangukia!"
Akanunua matatu, na nazi kavu moja,
ya nini hakusema.

Usiku, tamasha. Taa, vumbi la ubani,
wanaume wa milimani wakipokezana sauti bila ngoma,
nyama juu ya mawe ya moto, mafuta yakilia.
Mama alikula kwa vidole vitatu, hakuacha kitu,
kisha akauliza pilipili iko wapi.

Asubuhi, Mirbat.
Nyumba ya tajiri wa zamani wameigeuza makumbusho:
madirisha ya nakshi, riali moja mlangoni,
na kijana wa zamu, Bakhit,
kilemba chake kimekaa sawasawa kama maneno yake.
Hapa jambia. Hapa mizani ya ubani.
Na hapa, nyuma ya kioo, chini ya taa yake peke yake,
kibao cha kukunja chenye ulimi wa chuma, ulimi una meno.
Maandishi: Kigoda cha mtoto. Kazi ya chuma haijulikani.

Mama alisoma mara mbili,
kisha akacheka hadi akashika ukuta.
"Haijulikani! Mwanangu, hii ni mbuzi."
Akamtafsiria Bakhit neno kwa neno,
na Bakhit, maskini, akageuka kutazama mlangoni
mnyama ameingia saa ngapi.

Nusu karne mama anaulizwa katika nchi hii
yeye hasa ni wa wapi.
Ofisini, hospitalini, hata harusini akiwa na sahani mkononi,
na jibu lake huanza na "lakini".
Leo kitu cha jikoni kwake kimewekewa taa na kufuli,
na wa kukieleza hayupo ila yeye.

Yeye na mfagizi.
Sajeevan, mtu wa Kerala, aliegemeza ufagio,
akachuchumaa juu ya kigoda kisichokuwepo,
akazungusha viganja mbele ya magoti: krr, krr, krr.
"Aywa!" Mama akapiga kofi. "Ndugu yangu huyo!"

Bakhit akasema funguo anazo mkubwa wake,
na mkubwa yuko Salala.
Akasema sheria. Akasema kamera.
Mama hakubishana. Alitoa nazi mkobani,
akaiweka juu ya kioo, taratibu, isitoe mlio.
"Basi andika upya. Kalamu unayo?"

Akaandika. Nilimsikia akihangaika mwanzoni mwa neno,
pale midomo inapofungwa kabla ya kufunguka:
imbuzi. Umbuzi. Buzi.
Na mama, ambaye wauza duka wa Ruwi
wangali wanamcheka 'ayn yake,
akimrudisha polepole, bila kucheka:
"Funga mdomo kwanza. Sasa sema."

Tulipotoka manyunyu yalikuwa hayajakata.
Ndani ya gari nikamkumbusha nazi yake.
"Iache," akasema, anapangusa miwani kwa ncha ya mtandio.
Nikageuka: kupitia dirisha la nakshi
Sajeevan alikuwa tayari ameishika,
anaitikisa sikioni, anasikiliza maji.