Ukurasa wa Arobaini na Moja

Mimi ndiye ninayeandika. Jina langu halimo.
Katika mihtasari ya Baraza la Manispaa, Moshi,
karani hatajwi, kama vile chujio
lisivyotajwa kwenye chai.

Saa nne kasorobo. Joho la Meya limepigwa pasi,
mkufu umetolewa kabatini, umefutwa kwa kitambaa cha miwani.
Tunasimama. Dua. Tunakaa. Viti vinalia.
Mkurugenzi anahesabu vichwa kwa ncha ya kalamu:
akidi imetimia, wawili wako njiani,
mmoja ametuma udhuru, ana msiba Kibosho.

Hivi ndivyo kivuko kinavyozaliwa:
kinaanzia mtaani, kwenye uwanja wa shule,
watu wamekalia matofali, mmoja ananyoosha mkono.
Kinapanda kwenye kata. Kinasomwa, kinagongwa muhuri.
Kinaingia Kamati ya Mipango Miji,
kinakutwa hakina mchoro, kinarudi kilikotoka.
Kikipata mchoro kinakwenda Kamati ya Fedha,
na fedha ni wingu la Januari:
Marangu wameliona, Uru wameliona,
ndoo za Pasua bado kavu.
Kikifika barazani si kivuko tena. Ni kifungu,
milioni kumi na nane na laki nne.

Kile cha mfereji wa Pasua kilifika. Naikumbuka siku.
Mheshimiwa Anaeli Mshiu alisimama, akafunga kifungo cha koti:
Mheshimiwa Mwenyekiti, watoto wanavuka juu ya mbao mbili.
Naomba kutoa hoja.
Mheshimiwa Zaituni Mbwambo, viti maalumu, akaafiki.
Wanaoafiki waseme ndiyo.
Ndiyo ikajaa ukumbi.
Wasioafiki?
Feni ikajibu peke yake.
Nikaandika: Imeridhiwa.

Robo ya kwanza nikaandika: utekelezaji unaendelea.
Robo ya pili: utekelezaji unaendelea.
Ya tatu sikuandika, nilinakili.
Ya nne ilijinakili yenyewe.

Mbao zile mbili ni za Mama Ndeenengo,
anayekaanga vitumbua ng'ambo ya mfereji.
Zilikuwa rafu za kabati lake la vyombo.
Huja kila kikao, hukaa viti vya nyuma,
vya wananchi, ambako kanuni inasema:
sikia, usiseme.
Kukohoa hakujakatazwa.

Mwezi ule alinisubiri ngazini. Hakugomba.
Alikuwa na unga wa mchele kwenye kucha.
"Mwandishi," akasema, "hilo neno lenu, unaendelea,
linaendelea kwenda wapi?
Maana kwangu halijapita."

Usiku nilikaa na mashine hadi umeme ukakatika,
nikangoja, ukarudi.
Nikafuta neno moja. Nikaweka jingine:
haujaanza.
Ukurasa wa arobaini na moja,
kati ya ushuru wa Soko la Kiusa
na malalamiko ya mbwa wazururao.

Leo tunathibitisha kumbukumbu.
Waheshimiwa, ukurasa wa kwanza. Wa pili. Wa tatu.
Meya anasoma namba kama mtu anayeshuka ngazi alizozizoea.
Makabrasha yanageuzwa, mengine hayageuzwi,
kuna anayekatia kucha chini ya meza.
Thelathini na tisa. Arobaini. Arobaini na moja. Arobaini na...

"Utaratibu, Mheshimiwa Mwenyekiti."
Ni Zaituni, miwani kwenye ncha ya pua.
"Hapa pameandikwa haujaanza.
Ni kosa la uchapaji?"

Mkurugenzi ananitazama.
Mhandisi anavitazama viatu vyake, kana kwamba ni vya mtu mwingine.
Mheshimiwa Mshiu anafungua kifungo cha koti, anakifunga tena.
Nyuma kabisa mtu anakohoa.

Anayeandika haruhusiwi kusema.
Nafungua kalamu.

"Waheshimiwa," Meya anauliza, na mkufu wake unagonga meza,
"turekebishe, au tuthibitishe?"

Kalamu yangu imegusa karatasi,
sijaandika herufi,
na doa la wino linakua.