Marejeleo, Chini ya Herufi M

Saa nane usiku, Dundee. Hita imekula pauni yangu ya mwisho
ikanyamaza.
Sura ya nne imesimama wima, herufi zimepangwa
kama mistari ya shamba la katani,
ila kila nilipomtaja mtu, programu imeniwekea
alama ya kuuliza ndani ya mabano.
Nani? Nani? Nani?
Ukurasa mzima unanihoji kama afisa uhamiaji.

Ni koma tu. Nilisahau koma baada ya mwaka.
Naitia. Naendesha mara moja, linasoma majina;
mara ya pili linayapanga; mara ya tatu linakubali
kwamba walioandika walikuwapo.

Wote wamekuja: Thorburn, Oduya, MacAskill,
ukoo mbele, koma, herufi moja na nukta,
mtu mzima amefupishwa hadi akaenea mfukoni.
Lakini wewe, Bi Mwanamkuu binti Shekue,
nimekukuta kwenye B.

B, Bibi! Mashine imeona "binti" kwa herufi ndogo
ikadhani ni "von", lile pambo la majina ya mabwana,
wale Wajerumani walioipanda Tanga katani
ambayo wewe uliianika, tita kwa tita, kwa nusu ya ujira.
Ungecheka mpaka mtandio udondoke.

Mwongozo wa chuo, ukurasa wa kumi na tisa, unasema
mazungumzo ya mdomo hayaingii kwenye orodha;
yatajwe chini, kwa maandishi madogo, basi.
Profesa Geddes naye: "Mwaka je?"
Uliniambia ulizaliwa mwaka wa nzige.
Nafasi ni ya tarakimu nne. Nzige hawaenei.

Niliandika: bila tarehe. Nikafuta.
Nikaandika siku ile barazani kwako, Muheza,
redio umeizima kwa heshima yangu,
kiganja umekigeuza nione
mwiba ulioingia ukakataa kutoka.

Kisha nikakuzungushia mabano ya mkunjo,
mawili kushoto, mawili kulia.
Ndivyo mashine inavyoambiwa: hili usiligeuze,
usilikate, usimtangulize baba yake.
Nikaendesha tena. Mara tatu.

Na hapo, kati ya Munro na Nicoll,
umekaa kwa jina lako lote,
halina koma ndani yake.
Mstari umezidi ukingo kwa milimita mbili.
Uzidi.