Begi Bado Wazi

Kongamano ni Alhamisi.
Basi saa kumi na moja alfajiri,
na mimi bado nasaka chaja chini ya kitanda.
Viatu nimeazima kwa Nkwimba, vinabana kidole gumba.
Kadi hamsini nimechapisha Makoroboi;
jina langu limekosewa herufi moja. Nimezichukua hivyo hivyo.

"Hao watu elfu tatu," mama anauliza,
"wote wanatengeneza simu?"
"Programu, mama."
"Haya." Anakunja kitenge, anakilaza juu ya mashati.

Saa sita usiku umeme umekatika.
Mawe ya Mabatini bado yanapumua joto la mchana.
Betri asilimia arobaini. Najaribu onyesho langu mara ya mwisho:
mizani ya dagaa wa Kirumba, hesabu papo hapo kiganjani.
Kilo nne na gramu tisini, naingiza.
Inasoma nne.

Naingiza tena.
Nne.

Miezi saba imekuwa ikimega, kimya kimya.
Na Bi Kabula, anayeanika dagaa juu ya miamba, aliniambia,
"Mwanangu, mizani yako ina njaa,"
nikacheka, nikadhani utani.

Nakosoa mstari mmoja. Ulikuwa mstari mmoja tu.
Kisha nafungua wasilisho, ukurasa wa kwanza,
nafuta *Usahihi kwa Wote*,
naandika: *Nilikula gramu tisini za Bi Kabula.*

Betri asilimia tisa.
Basi la alfajiri liende. Lipo la saa tatu.
Kwanza Kirumba,
kwa viatu vyangu.