Nusu ya Jina

Mimi si mwanafunzi wa Mtakatifu Aldhelm.
Nilipanda ngazi tu, miaka arobaini na mmoja,
na brashi ya nywele za kindi, na kopo la dhahabu,
nikiandika majina ya watoto wa watu
kwenye mbao za msaji, ukumbini, juu ya mabonde ya chai.

Nawajua kwa herufi zao.
Wickremaratne, jaji, alinimalizia rangi:
herufi kumi na tatu, na vyeo bado.
Van Twest, aliyepata mbio mia mbili na nne
siku ya mechi kuu, goti limefungwa bendeji,
yeye alinipunja. Nalipwa kwa herufi.
Askofu Jayatunga alikuwa mwizi wa mapera;
hilo ubao hausemi.

Desturi walikuwa nazo tele.
Nyasi za mbele ni za viranja peke yao.
Mgeni akizikanyaga, hupandishwa juu ya ndoo
aghani zaburi nzima, hata ile ndefu.
Akifa mhitimu, popote duniani,
kengele hulia mara moja,
mpishi huacha kukoroga,
nami huishika brashi hewani
mpaka tone linidondokee.
Sina kiatu kisicho na dhahabu.

Julai ya themanini na tatu
nilikuwa kwenye safu ya manahodha wa kriketi.
Nimefika KANAGA.
Moshi ukaja kutoka upande wa madukani,
kwanza harufu ya mchele, halafu ya nguo.
Mkuu wa shule akaingia, kola ya upadri imelegea.
Akasema, Shuka, Sediris.
Nikashuka.
Nahodha mwenyewe alikuwa chumba cha mavazi ya ibada,
na mama yake, na cherehani ya mama yake.
Usiku wakatoka ndani ya lori la chai.

RATNAM haikuandikwa.
Mwaka uliofuata nikapewa jina jingine, mstari wa chini.
Nikauliza, Na hili?
Wakatazamana. Mmoja akataja bajeti.

Sasa kuna desturi mpya.
Kabla ya mtihani, kabla ya mechi,
wavulana hupandiana mabegani
waiguse ile A ya mwisho.
Imelika, imebaki kama ukucha.
Wageni huambiwa mchoraji alikuwa chakari,
akaporomoka ngazini katikati ya jina.
Mimi sinywi.
Mara ngapi nimekaa nyuma ya ukumbi
nikisikia ulevi wangu ukisimuliwa, unaongezwa chumvi,
chupa moja imekuwa tatu,
nami kimya.
Si adabu iliyonifunga mdomo.
Nilishuka haraka mno. Hata brashi sikuiosha.

Mwaka jana, Siku ya Mwasisi,
akaja mtu mwenye koti la nchi ya theluji,
amelikunja mkononi, jasho linamtoka.
Alipita wanapopigiana picha, hakusimama.
Akaja chini ya ubao, akainua shingo.
Nikamjua kwa mabega, mabega ya mrushaji mpira.
Yeye hakunijua; nani humtazama usoni mtu wa ngazini?

Mtoto wa kidato cha kwanza, tai imepinda,
akamvuta koti:
“Gusa pale, mzee. Inaleta bahati.”

Akanyoosha mkono. Haukufika.

Nikaenda kuileta ngazi.