Moja kwa Ishirini na Tano

Miaka thelathini na mmoja nilichonga meno
ya watu ambao sikuwahi kuwaona wakicheka.
Hapa Fresno zabibu huanikwa mashambani juu ya karatasi,
na Agosti hata kivuli hutoka jasho.
Vartkes aliponigongea mlango wa uani
na bahasha ya picha kumi na nne
hakuwa amekuja kwa msanii.
Alimjia fundi meno mstaafu, mwenye visu vidogo na macho mabovu.

"Lorene," alisema, "nitengenezee gari langu.
Lienee juu ya meza ya dawa."

Gari lenyewe nani asiyelijua?
Fodi ya mwaka thelathini na mbili,
paa limekatwa, likashushwa inchi tatu,
madirisha yakabaki membamba
kama macho ya mtu aliyemwona mdeni wake.
Injini ya silinda nane iko uchi, haina boneti wala haya.
Alilijenga Jumapili kwa Jumapili, miaka kumi na moja,
kwa mshahara wa kupakia zabibu.
Akaliuza asubuhi moja
figo za Siranush ziliposhindwa,
kwa mtu wa Reno ambaye hata hakulizunguka.
Mashine ilimsafisha damu miezi tisa.
Basi.

Bodi niliimimina kwa akriliki ya waridi, ile ya ufizi.
Mabomba ya moshi, matatu huku, matatu kule,
ni sindano za ganzi.
Nyaya za plagi ni uzi wa kusafishia meno, niliouchovya wino.
Kiti nilikikata kwenye glavu ya marehemu mama,
kidole gumba, ndiko ngozi ilikolainika.
Rangi ndiyo iliyonitesa. Picha za zamani ni waongo,
zimegeuza kila chekundu kuwa chungwa.
Vartkes akaenda mtini kwake, akarudi na komamanga,
akalipasulia juu ya karatasi zangu. "Hii."
Nikapaka tabaka tisa, punje zikikauka pembeni.

Nilipompelekea alivaa miwani, akavaa nyingine juu yake.
Akapitisha dole gumba kwenye mlango wa kushoto,
akarudi, akapitisha tena,
kama mtu anayepapasa swichi gizani.
"Zuri," alisema. "La nani?"

Miezi mitano! Nilitaka kumwachia hapo hapo niondoke.
Ndipo akaniambia habari za teke.
Mwaka sitini na nane, amerudi saa nane za usiku
kutoka mashindanoni, chakula kimeganda sahanini,
Siranush katoka na viatu alivyovaa arusini kwa dada yake
akautandika mlango teke moja, chini ya kitasa.
Vartkes alikuwa na nyundo. Alikuwa na risasi ya kuzibia.
Alikuwa na Jumapili zote hizo.
Hakupanyoosha.
Katika picha zote kumi na nne
yeye amesimama mbele ya mlango ule, ameukinga kwa mapaja.

Nikarudi nalo. Nikapasha kijiko cha nta kwenye moto wa spiriti,
nikakadiria ncha ya kiatu cha mwanamke mdogo mwenye hasira,
nikagawanya kwa ishirini na tano.
Mkono ambao haukutetemeka juu ya dhahabu ya watu
ulitetemeka.
Unabonyeza mara moja tu, hakuna ya pili.
Rangi ikachanika kidogo ukingoni, waridi likachungulia.
Nikaliacha.

Sasa liko kati ya glasi ya maji na vidonge vya presha.
Mimi nililiweka pua ikitazama ukuta.
Vartkes hakusema kitu kuhusu bonyeo; alilifunika kwa kidole
muda ambao chai yangu ilipoa.
Kisha akaligeuza kwa vidole viwili,
kinyumenyume, polepole,
koo lake likinguruma kwa chini, akikata kona,
mpaka taa zikaelekea mlangoni.

"Haliegeshwi vile," akaniambia.
"Akiita, nitatokaje?"